Haikuwa Pombe ya Mama Yako

Katandala, Sumbawanga
Jumapili usiku

Mwanangu Pelagia,

Begi lako nimelikuta sebuleni limefungwa kamba mara mbili, kwa hiyo sitakuandikia habari za sweta, wala za kusali, wala za vijana wa Morogoro. Hayo nimekuimbia tangu majibu ya chuo yalipofika, nawe ulikuwa unaitikia "ndiyo mama" huku akili iko kwingine kabisa. Tuyaache.

Nakuandikia kwa sababu ya lile swali. Ulikuwa umekaa na kitabu cha takwimu alichokuazima mwalimu wako, ukainua kichwa ukaniuliza, "Mama, wewe zamani ulifanya utafiti. Hivi vitu viwili vikipanda na kushuka pamoja, ndiyo kusema kimoja kimesababisha kingine?" Nikakwambia nasikia mtu anabisha hodi. Hakukuwa na mtu. Nilitoka nikasimama uani kwenye upepo wetu huu unaopita mpaka kwenye mifupa, nikangoja mpaka nikaona umefunga kitabu. Mwanamke mwenye mvi zake anamkimbia mtoto kwa swali la darasani! Ungejua nilivyojidharau pale nje.

Jibu la kitabuni ni neno moja tu, hapana. Ningelisema ukaridhika, ukafunua ukurasa unaofuata. Lakini nakujua. Ungetaka mfano, na mfano nilionao mimi ni wewe.

Unajua kwamba sikukuzaa. Hilo sikukuficha hata siku moja. Unajua mama yako mzazi anaitwa Oresta, na kwamba alikuacha kwangu ungali mdogo akateremka Bondeni, kwenye mashamba ya mpunga kule karibu na Ziwa Rukwa. Yaliyobaki umeyajaza mwenyewe kwa maneno ya watoto wa shule na ya majirani: kwamba alikuwa mpika pombe, na kwamba pombe ndiyo iliyomfanya akutupe. Siku ya kipaimara chako shangazi mmoja alikuuliza habari zake, ukamjibu kavu kabisa, "Yule alichukuliwa na pombe." Mimi nilikuwa nagawa soda. Nilisikia, nikaendelea kugawa soda.

Pelagia, haikuwa pombe. Ilikuwa mimi na hesabu yangu.

Nilikuwa Bibi Maendeleo mpya, nimetoka chuoni na cheti kinachonukia wino. Ilikuwa ile miaka ya ruksa. Kila kitu ruksa: mitumba ruksa, malori ya watu binafsi kuja kununua mahindi hadi shambani ruksa, na mbolea nayo ikawa ruksa kupanda bei itakavyo, maana serikali ilikuwa imeondoa mkono wake. Mwenye hela alilimiwa kwa plau ya kukodi. Asiye na hela alibaki na jembe na Mungu. Hapo ndipo ukaja mradi mmoja wa afya ya watoto, nao ulitaka takwimu. Sisi wengine tulikuwa hatujawahi kuulizwa takwimu na mtu. Tulizoea kuandika "hali ni nzuri" na kugonga muhuri.

Nilipewa mizani ya kuning'iniza, ile ya suruali ya turubai, na kikokotoo kidogo cha betri nilichokifunga kwenye kitambaa kama chupa ya manukato. Nikapelekwa kijiji kile cha ndani ya Laela ulikozaliwa. Nyumba ya mgeni haikuwepo, mwenyekiti wa kijiji akasema nikae kwa Oresta, mjane, nyumba yake safi na ana mtoto mmoja tu. Mtoto huyo ni wewe. Baba yako alikuwa amefariki mwaka uliotangulia.

Mama yako alikuwa mcheshi. Usiku wa kwanza alinitazama ninavyokipangusa kile kikokotoo, akasema, "Bibi Maendeleo, hicho kitu kinakula nini?" Nikamwambia kinakula betri. Akasema, "Bora. Wageni wengine tuliowahi kupata walikula kuku." Alinicheka kwa kushindwa kuwasha moto wa kuni mbichi, akanifundisha. Wewe ulikuwa unalala kati yetu kwa sababu ya baridi, na miguu yako ilikuwa inanipiga mbavuni mpaka asubuhi. Mimi nilikuwa nimeolewa na kuachika kwa kutozaa, na sikuwahi kupigwa mbavuni na mtoto kabla ya hapo. Lishike hilo, maana nitalirudia, na ndipo kosa langu lilipoota mizizi.

Kazi ikaanza. Nilipima watoto wote chini ya miaka mitano, nikajumlisha kilo zao, nikagawa kwa idadi yao, nikapata wastani mzuri kabisa. Niliufurahia siku mbili. Siku ya tatu nilitembea kijijini nikimtafuta kwa macho mtoto wa wastani ule, na sikumwona. Pembeni mwa kijiji walikuwa wamehamia Wasukuma na ng'ombe wao, watoto wao wanakunywa maziwa kama maji. Kulikuwa na kijana mmoja wa huko, Masanja, ana miaka miwili lakini ndoano ya mizani ililia nilipomtundika. Mama yake akanitania, "Huyu mpeleke kwetu Shinyanga, ukampime kwenye mizani ya pamba." Watoto wa Kifipa wa katikati ya kijiji walikuwa wepesi mno, na uzito wa akina Masanja ulikuwa umewafunika. Wastani wangu ulisimama katikati, mahali ambapo hapakuwa na mtoto yeyote.

Kwa hiyo ukipewa wastani, Pela, usikae nao peke yake. Uliza wa chini kabisa yuko wapi na wa juu yuko wapi, na wengi wamejikusanya upande gani. Wapange kwa mstari toka mwepesi hadi mzito, umtazame yule wa katikati usoni. Kitabu chako kina majina ya vipimo vyote hivyo na namna ya kuukokotoa mtawanyiko. Vijifunze, si vigumu. Mimi nilivijua. Kujua hakukunisaidia, kwa sababu niliposahihisha kosa la kwanza nilivimba kichwa, nikajiona sasa sidanganyiki.

Na kuna nyumba ambazo sikuzipima kabisa. Nilikuwa napita saa za asubuhi, nakuta mlango umefungwa, naandika "hawapo" na kusonga mbele. Hawapo wapi? Walikuwa kwenye vibarua vya watu, wanalimia chakula cha jioni. Maskini kuliko wote ndio niliowaruka. Waswahili wanasema asiyekuwepo na lake halipo, na mimi niliufanya msemo huo kuwa njia ya utafiti.

Sasa nakuja kwenye pombe.

Dodoso la mradi lilikuwa na swali kuhusu kaya zinazopika pombe, na mara ngapi. Nikawauliza. Kisha kwenye karatasi ya miraba nikaweka pombe chini kwa mlalo na uzito wa mtoto kwa wima, kila kaya nukta moja. Nukta zile ziliteremka vizuri ajabu, kama barabara inavyoteremka kwenda Bondeni. Kadiri mama alivyopika mara nyingi, ndivyo mtoto wake alivyokuwa mwepesi. Nilikokotoa ule uwiano wa pombe na uzito mara kwa mara, kila safari unakuja uleule, mkubwa, na alama ya kutoa mbele yake. Niliruka, Pelagia. Niliruka kwa furaha chumbani kwa mama yako, na yeye akauliza kutoka jikoni kama nimeona nyoka.

Sikiliza ni nini nilichokuwa nimekiona kwa macho na nisikiandike. Unajua kilimo chetu cha matuta. Mvua zikikaribia kwisha, nyasi zimerefuka, watu wanapindua udongo na nyasi zake, wanarundika matuta ya duara, zinaoza humo ndani, na mwaka unaofuata ndipo wanayatawanya na kupanda. Ni kazi ya wiki chache tu. Mvua zikikatika udongo unakuwa tofali. Mtu mmoja hawezi. Mwenye mume na wana wakubwa anaweza, mwenye ng'ombe wa plau anaweza, mwenye hela ya vibarua anaweza. Mjane anafanyaje? Anachukua debe la ulezi, analiotesha kimea, anapika pombe ya kazi, anaalika watu. Wanakuja na majembe alfajiri, wanalima huku wanaimba, na jioni wanakunywa. Kwa pombe ile moja mjane analala na shamba lililokwisha kulimwa.

Nilikuwepo siku watu walipokuja shambani kwa mama yako! Nilisaidia kukoroga. Nilibeba mtungi. Jioni nilisimama naye pembeni ya shamba, matuta yamejaa mpaka kwenye mto, akasema, "Mwakani hatulali njaa." Nikarudi nyumbani nikaandika kwenye dodoso kwamba kaya hii imepika pombe. Basi. Matuta hayakuwa na nafasi kwenye dodoso.

Waliopika pombe nyingi walikuwa wajane, wagonjwa, wasio na ng'ombe. Watoto wao walikuwa wepesi kwa sababu hiyohiyo iliyowafanya wapike. Na mwezi wa matuta ndio mwezi wa njaa, mwezi wa pili na wa tatu, ghala limekauka na mahindi mapya bado hayajabeba punje. Mimi nilipima mwezi huohuo. Pombe na wepesi wa watoto vilikuja pamoja kama watoto wa tumbo moja, nami nikasema mmoja amemzaa mwenzake. Ndilo jibu la swali lako.

Mkubwa wa mradi alikuja kutoka Mbeya, akaitazama karatasi ya miraba, akanipa mkono. Ukaitishwa mkutano wa kijiji. Nilisimama mbele nimevaa viatu vya kisigino kwenye tope, nikasoma. Nilisema ulezi wa uji wa watoto unanywewa na walevi. Sijui nililitoa wapi neno hilo, halikuwa hata kwenye karatasi. Sikutaja jina la mtu, lakini kijiji ni kijiji, kila mmoja alijua watoto wepesi ni wa nani. Wanaume waliokunywa pombe ya mama yako msimu uliopita walitikisa vichwa kwa huzuni kama wachungaji. Serikali ya kijiji ikapiga marufuku kupika pombe tangu wakati ule hadi mavuno. Yaani wiki zilezile za matuta, maana mwaka ulikuwa umezunguka, mradi ulikuwa umechelewa kutoa ruhusa ya kusoma matokeo.

Nilitegemea Oresta anigombeze. Ningekuwa na nafuu leo kama angenigombeza. Tulipofika nyumbani alikaa kwenye kigoda, akakupakata, akakushikashika mikono kama mtu anayepima kitambaa sokoni. Akaniuliza, "Ile karatasi haidanganyi?"

Nikamwambia, "Hesabu haidanganyi, dada."

"Kwa hiyo ni mimi ninayemmaliza."

Nikamwambia bado hajachelewa. Ndivyo nilivyomjibu. Nilijiona nina huruma.

Mgambo walipita siku mbili tatu baadaye kukusanya mitungi. Kwake hawakukuta kitu. Alikuwa amekwisha kuibeba mwenyewe kichwani hadi ofisi ya kijiji, mitungi aliyoachiwa na mama yake, akaivunja pale mbele ya mlango bila kuamriwa na mtu. Mama yako aliniamini, Pelagia. Watu wengine walininunia na wengine walipika porini kwa siri, na hao mashamba yao yakalimwa. Yeye alinitii.

Alijaribu kulima peke yake. Majirani wachache walikuja asubuhi moja kwa huruma, hawakurudi. Kwetu kuita watu shambani bila pombe ni kuomba, na yeye kuomba hakuweza. Alilima kipande cha ukubwa wa uwanja wa nyumba hii, mvua zikakatika.

Wakati ule nikapata uhamisho kuja mjini. Jioni ya kuondoka nilikuwa nafunga mizigo yangu, akaingia na wewe mkononi, umevaa gauni lako la kanisani. Akasema, "Mchukue mpaka mavuno. Wewe umesoma, utajua cha kumlisha. Kwangu mimi mkono wangu una sumu." Nilipaswa kukataa. Nilipaswa hata kushangaa. Niliharakisha kukuchukua kabla hajabadili mawazo.

Mavuno yakafika. Nilitumwa kupima tena, na watoto wote walikuwa wameongezeka uzito. Mradi ulifurahi, marufuku imefanya kazi! Mimi nami nilifurahi, mpaka mganga wa zahanati ya kijiji cha ng'ambo ya mto aliponiomba nimsaidie kupima watoto wa kwao, kwa vile nimebeba mizani na yake imeharibika. Kule hawakuwa na marufuku. Walipika wakalima, wakapika wakalima. Na nilipolinganisha na kadi zao za kliniki za mwezi wa njaa, watoto wao walikuwa wameongezeka vilevile, kilo kwa kilo. Niliziweka karatasi mbili pamoja kwenye meza, hapa Katandala, wewe umelala. Nilijua palepale. Mahindi mabichi ndiyo yaliyowanenepesha, huku na kule. Marufuku haikuongeza hata gramu.

Nilimpelekea mkubwa wa mradi. Akasema, "Hizo za ng'ambo si za mradi wetu," akazirudisha upande wangu wa meza. Nikazichukua. Sikubishana. Nilikuwa na kazi mpya, nyumba ya kupanga na mtoto.

Na baada ya hapo Oresta akaja kukuona. Hii ndiyo sehemu ambayo kalamu inanigomea. Alikuwa amevuna, maana mavuno yale yalitoka kwenye matuta ya mwaka uliotangulia, ya ile pombe niliyoikoroga mimi. Alikuja kukuchukua, na kikapu chake alikuwa amekitandika kanga ya kukubebea. Akakuta umenenepa. Mtoto yeyote wa huku kwetu juu alikuwa amenenepa mwezi ule, nami nilikuwa nalijua hilo kuliko mtu yeyote mkoani. Akakubeba, akacheka, kisha akakuweka chini.

Akasema, "Unaona? Kwako ananenepa."

Ilikuwa zamu yangu kusema. Neno moja tu lingetosha: nilikosea. Mficha uchi hazai, wanasema wahenga, na mimi niliyeficha nilipata mtoto kwa kuficha. Nilisema, "Ndiyo, anakula vizuri."

Akaniambia shamba lake la mwakani ni nyasi tupu, hana atakachopanda, atateremka Bondeni akafanye vibarua vya mpunga mpaka ajiweke sawa. Akaikunja ile kanga. Wewe ulikuwa umezoea kwangu, hukulia alipoondoka, na niliona alivyogeuka mara mbili kutazama kama utalia.

Unakumbuka mwanamke aliyekuja na mchele ulipokuwa darasa la nne? Alikuita, ukajifungia chumbani, ukasema kwa sauti asikie, "Simjui." Alikaa kidogo kwenye ngazi, akaacha mchele, akaenda zake. Nilikubembeleza jioni ile, nikakwambia usijali, mama ni anayelea. Nimeyasema mambo mengi ya uongo maishani, lakini lile nililisema nikiwa nimekupakata.

Sikuandikii ili uniambie pole. Unakwenda kusomea lishe, utapewa dodoso, utapima watoto wa watu. Utapata siku moja nukta zinazoteremka vizuri kama zangu, nawe utataka kuruka. Ruka, ni haki yako. Kisha nenda kakae kwa mwenye ile nukta ya chini kabisa, umuulize anafanya hivyo kwa nini, na usiondoke mpaka amekuuliza na yeye maswali. Tafuta kijiji cha ng'ambo ya mto. Na ukigundua umekosea, sema siku hiyohiyo, kabla hujapata sababu ya kupenda kosa lako. Mimi nililipenda kosa langu, lilikuwa na miguu midogo na lilinipiga mbavuni usiku.

Alhamisi nilikuaga kwamba nakwenda semina. Njia ya mwongo ni fupi: nilipanda lori la mahindi nikaenda Laela. Oresta amerudi kutoka Bondeni tangu mwaka juzi, anaishi nyuma ya kituo cha mabasi. Nilimkuta anapukuchua mahindi. Ana mvi kunishinda. Nilikaa chini nikamwambia yote, kama nilivyokuandikia, na yeye akaendelea kupukuchua mpaka gunzi likawa tupu, na vidole vikaendelea kupita kwenye gunzi tupu.

Akaniuliza, "Kwa hiyo haikuwa mimi?"

Nikasema, "Haikuwa wewe."

"Wala ile pombe?"

"Wala pombe. Ilikuwa njaa ya masika, kila mtu alikuwa nayo."

Akasema, "Mimi tangu ile mitungi sijapika tena. Hata msiba wa dada yangu walipika wengine, nikakaa mbali." Kisha akauliza swali nililokuwa naliogopa njia nzima. "Ulijua lini?"

Nikamwambia, "Kabla hujaikunja ile kanga."

Alisimama akatoka nje. Alikaa huko muda mrefu mpaka nikafikiri ndiyo nimefukuzwa, nikaanza kutafuta viatu vyangu. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Hakusema amenisamehe, nami sikumwomba, maana ningekuwa naomba kitu kingine tena kutoka kwake. Akauliza unasafiri lini.

Nilimwambia ni Jumatatu, yaani kesho. Basi lako la Mbeya litasimama Laela abiria wanyooshe miguu, na yeye atakuwepo. Atakuwa mwanamke mwembamba mwenye kitenge cha kijani, na nina hakika hatasogea mlangoni, atasimama mbali kidogo ili usione haya mbele ya wenzako. Hatakuita. Alikwisha kukuita mara moja, ukasema humjui.

Bahasha hii nimeiweka juu ya begi uisome kabla hatujatoka. Kama asubuhi hutaki nikusindikize stendi, nitaelewa, nitampa jirani akubebee begi. Kama hutaki tena kuniita mama, chagua jina utakaloona linanifaa, nitaitikia.

Nilipokuwa naondoka kwake alinishika mkono mlangoni, akaniuliza unapenda kula nini. Yeye aliyekuzaa, ananiuliza mimi. Nikamwambia ugali wa ulezi na samaki wa migebuka wa kukaanga, na kwamba pilipili huitaki. Akarudia mwenyewe polepole ili asisahau: pilipili hataki.

Atakuwa amepika tangu alfajiri. Shuka, Pelagia. Shuka ule.

Yustina